Sura ya Saba: Waya Hauimbi

Siku hizi matanga upande wa Rachuonyo husikika kabla hayajaonekana. Unashuka matatu Oyugis, unachukua boda kuelekea njia ya Kendu Bay, na huna haja ya kumuuliza mtu boma liko wapi. Fuata sauti. Kuna jenereta, kuna spika nne au sita, kuna dijei, kuna kwaya ya kanisa, kisha mhubiri. Serikali imekataza disko matanga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini spika zenyewe hakuna aliyezikataza, na wanaozikodisha hawakosi kazi mwisho wa wiki.

Katika boma moja la namna hiyo nilikalishwa nyuma, karibu na lango, chini ya mwembe. Spika mbili zilikuwa mbele kwenye hema, mbili zimesogezwa kwetu, umbali wa mita 40 hivi. Waliokaa hemani walimsikia mhubiri neno kwa neno. Sisi tulimsikia mtu anayehubiri kutoka ndani ya mtungi: mvumo tupu, maneno yote yamemezwa. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Pastor anasema nini, mwanangu?" Nikashindwa kumjibu. Kijana wa mitambo akaongeza sauti. Wa mbele wakaziba masikio. Sisi wa nyuma tukapata mtungi mkubwa zaidi.

Vijana wa mitambo walikuwa wawili na kila mmoja alikuwa na lake. Wa kwanza alisema spika za langoni zimechoka. Wa pili alisema spika hazina neno, shida ni waya. Hizi zetu ni za bei ya chini, alisema. Kuna zile za Nairobi zenye vichwa vya dhahabu, ukifunga hizo hata spika ya mtumba inaimba. Mzee mmoja, fundi wa redio aliyekuwa ameketi nasi kimya muda wote, akainuka, akauokota waya kutoka kwenye nyasi na kuubana kwa vidole viwili.

"Omera, huu si ni waya wa kuning'iniza balbu?"

Walikuwa na bunda la pili la waya uleule kwenye gari. Mzee akaulaza sambamba na wa kwanza, akachuna maganda kwa meno, akasokota nyuzi mbili za waya mmoja zikawa njia ya kwenda, na mbili za waya mwingine zikawa njia ya kurudi. Kazi ya dakika kumi. Mhubiri alipoendelea, sauti haikuwa ya kustaajabisha, lakini yule mama alianza kusema amina pamoja na watu wa hemani.

Nimelifikiria sana neno la yule kijana wa pili, kwa sababu alipatia na kukosea kwa pumzi moja. Shida ilikuwa waya kweli. Dhahabu isingeiondoa.

Waya una kazi moja tu, kuupeleka umeme kutoka amplifaya hadi kwenye spika na kuurudisha. Hauwezi kuongeza kitu njiani. Unachoweza ni kupunguza. Hicho kinachopunguza huitwa ukinzani, hupimwa kwa omu, na huamuliwa na mambo matatu: urefu wa waya, unene wake, na madini uliotengenezwa nayo. Bei haimo.

Chukua waya wa balbu wenye shaba ya nusu milimita mraba. Mita 40 za kwenda na 40 za kurudi ni mita 80, na hizo zina ukinzani wa omu 2.75 hivi. Spika mbili za omu 8 zilizofungwa pamoja, jinsi vijana wetu walivyozifunga, huwa mzigo wa omu 4. Ukipiga hesabu utaona kwamba kati ya kila wati 10 zinazotoka kwenye amplifaya, 4 zinaishia njiani zikipasha moto nyasi za watu.

Hata hivyo, kupungua peke yake kusingeleta mtungi. Kungeleta sauti ileile ikiwa ndogo. Mtungi una sababu yake. Spika iliyoandikwa omu 8 haitulii kwenye 8. Omu zake hupanda na kushuka kufuatana na noti inayopigwa. Huko chini kwenye besi kuna mahali ambapo koni hupenda kutikisika yenyewe, na hapo omu zinaweza kufika 20, 30 au kuzidi. Waya mwembamba hula kidogo pale ambapo spika ina omu nyingi, na hula sana pale ambapo omu ni chache. Kwa hiyo mvumo wa chini hupita karibu wote, na sauti za katikati, ambako maneno ya binadamu hukaa, hupunjwa. Pia amplifaya hutegemea waya huohuo kuishika koni itulie mara sauti inapokwisha; mshiko ukilegea, koni huendelea kuyumba kidogo baada ya neno kwisha, na neno linalofuata likaja juu yake. Basi hapo ndipo mhubiri anapoingia mtungini.

Mzee alipouzidisha waya mara mbili aliukata ukinzani nusu. Angekuwa na waya wa milimita mraba 2.5, ule ambao mafundi wa umeme huupeleka kwenye soketi za nyumba, ingepotea wati 1 na kidogo kati ya 10. Waya huo upo katika hadiwea za Oyugis, unakatiwa kwa mita, na hauna hata chembe ya dhahabu.

Sasa tutoke matangani twende sebuleni kwa mtu mwenye uwezo, maana ndiko waya wa ghali unakouzwa. Hapo spika iko mita 3 kutoka amplifaya. Waya wa milimita mraba 0.75 ungeshusha sauti ya spika ya omu 8 kwa desibeli 0.15 hivi. Wa 2.5 ungeishusha kwa desibeli 0.05. Tofauti baina ya nyaya hizo ni sehemu moja ya kumi ya desibeli, na mtu wa kawaida anayesikiliza muziki huanza kutambua kwamba sauti imepanda au imeshuka inapobadilika kwa desibeli 1 hivi. Kichekesho cha biashara hii nzima ni hicho: wenye mita 3 ndio wanaouziwa waya wa laki, na wenye mita 40 wanafunga waya wa balbu.

Biashara yenyewe si ya zamani. Hadi katikati ya miaka ya 1970, mtu aliyenunua redio kubwa popote duniani alifunga spika kwa waya wowote aliokuwa nao, mara nyingi ule wa taa. Kisha mhandisi mmoja wa California, Noel Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore, akaanza kulinganisha nyaya nyumbani kwake, akaona mnene unafaa kuliko mwembamba, na kufikia 1979 alikuwa ameanzisha kampuni aliyoiita Monster Cable. Tusimwonee: waya wake ulikuwa mnene kweli, na kwa mtu aliyetoka kwenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea ulikuwa na faida. Lakini mara watu walipozoea kuulipia waya, bei ilikosa breki.

Mwaka 1983 gazeti la Stereo Review la Marekani liliamua kuuliza waziwazi. Mhakiki wao, Laurence Greenhill, aliwaketisha wasikilizaji na kuwabadilishia nyaya tatu bila kuwaambia ni upi uliofungwa: Monster, waya wa taa wenye unene wa kutosha, yaani milimita mraba 1.3 hivi, na mwingine mwembamba sana wa milimita mraba 0.2. Ule mwembamba sana walimudu kuutambua, hasa walipopigiwa kelele ya kupimia inayofanana na mvua juu ya bati. Lakini Monster na waya wa taa, kwenye muziki, hawakuweza kuzitofautisha. Wa balbu, tena! Ila wenye nyama.

Miaka 24 baadaye, mwaka 2007, mwanamazingaombwe James Randi, ambaye taasisi yake ilikuwa imetenga dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha jambo lisilowezekana, aliingiza nyaya za spika katika shindano hilo. Alizitaja nyaya za kampuni ya Pear, aina ya Anjou: dola 7,250 kwa jozi ya futi 12. Hiyo ni karibu nusu milioni ya shilingi za Kenya kwa kiwango cha wakati ule, kwa waya usiofika mita 4. Mhakiki mmoja wa magazeti ya muziki akajitokeza kusikiliza, kampuni ikajitoa, jaribio likafa. Shindano lenyewe lilifungwa 2015, na milioni ile hakuna aliyeichukua.

Msomaji anaweza kuniambia: mbona watu wenye akili timamu huapa kwamba wanaisikia tofauti? Hawasemi uongo. Mimi mwenyewe niliwahi kuisikia. Ilikuwa katika duka moja Nairobi. Muuzaji alinipigia wimbo kwa waya wa kwanza, kisha kwa waya wa pili wenye ganda la kusukwa kama kamba ya viatu vya gharama, na naapa mwimbaji alisogea karibu nami. Nikaomba arudie. Safari hii niliacha kutazama waya nikatazama mikono. Mkono uliotoka kuchomeka waya wa pili ulipita kwenye kitufe cha sauti. Labda ni mazoea yake tu. Ila jambo moja linajulikana vizuri kwa wanaopima masikio: nyimbo mbili zikiwa sawasawa na moja ikawa juu kidogo tu, kidogo kiasi kwamba hutasema "hii ina sauti kubwa", utasema "hii ni nzuri zaidi". Ndiyo maana wapimaji makini husawazisha sauti hadi sehemu ya kumi ya desibeli kabla ya kuanza. Na hata kama mkono haukugusa kitufe, jicho limeshauona waya, na mfuko umeshajua bei yake. Sikio huja la mwisho, likiwa limeshaambiwa la kusema.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji maabara. Mpe mpwa wako sarafu na umweke nyuma ya pazia pamoja na nyaya mbili. Kila raundi airushe sarafu, afunge waya kulingana na upande ulioangukia juu, aandike, na wewe useme ni upi. Fanyeni mara 16. Kwa kubahatisha tu utapata kama 8. Ukipata 12 au zaidi, nafasi ya kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya 4 katika 100, na mimi nitakuja kukusikiliza. Sharti ni moja, usimwone mpwa wako usoni, maana watoto hawajui kuficha.

Hata hivyo kuna mtu ambaye akiniambia waya umebadilisha sauti yake namwamini papo hapo, bila pazia wala sarafu. Huyo ni mpiga gitaa.

Benga ni muziki wa gitaa la solo linalopanda juu na kukimbia huko, kila noti imekatwa kama kwa wembe. Sauti hiyo huanzia kwenye pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Umeme unaotoka pale ni dhaifu mno. Waya wa gitaa nao una uzi mmoja katikati na wavu unaouzunguka, na viwili hivyo, kwa kukaa karibukaribu kwa urefu wote, huweka akiba ya umeme kama kibuyu kinachojazwa na kumwagwa. Kwa noti za chini kibuyu hakisumbui. Kwa mitetemo ya juu, inayokuja mara maelfu kwa sekunde, pikapu dhaifu haiwahi kukijaza na kukimwaga, na makali ya juu yanafifia. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo kibuyu kinavyokua. Mpiga solo anayetoka kwenye waya wa mita 3 hadi wa mita 10 atasikia gitaa limewekwa blanketi, naye hajidanganyi. Lakini angalia tena: kilichobadilika ni urefu. Mfupi wa bei ndogo mara nyingi utaushinda mrefu wa bei kubwa.

Na tukiwa kwenye benga, fikiria santuri zake. Zile zilizotolewa na kampuni ya Chandarana kule Kericho, safari ya kupitia Sondu tu kutoka hapa. Zile za D.O. Misiani wa Shirati. Zile zilizosambazwa na Phares Oluoch Kanindo, ambaye jina lake liligeuka kuwa jina la muziki wenyewe kule Zimbabwe. Nyingi kati ya hizo zilirekodiwa kabla Noel Lee hajauza mita yake ya kwanza. Sauti ilipita kwenye waya wa maikrofoni, waya wa studio, waya wa mashine ya kukatia santuri, zote za kawaida. Halafu leo mtu anaweka mita 2 za waya wa thamani ya ng'ombe watatu mwishoni mwa safari hiyo, akitumaini zitarudisha kisichokuwepo. Isitoshe, baada ya mita hizo 2, umeme unaingia ndani ya spika na kukutana na koili: mita kadhaa za waya mwembamba, wa shaba au hata alumini, ambao una omu nyingi kuliko waya wowote wa sebuleni. Huo hakuna anayeubadilisha.

Waya wa maikrofoni una habari yake pia, nayo ni fupi. Katika makambi ya Wasabato, ambao wako pande hizi tangu misheni ya Gendia ya mwaka 1906, maiki inaweza kuwa mita 30 kutoka kwenye mikisa, na njiani kuna nyaya za stima za volti 240 zinazotetemeka mara 50 kwa sekunde. Waya wenye kichwa cha pini tatu hubeba sauti mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Uvumi wa stima ukiingia huingia sawa kwenye zote mbili, na mikisa ikitoa moja kwenye nyingine uvumi unakufa, sauti inabaki. Waya wa uzi mmoja, mahali hapohapo, utahubiri pamoja na mchungaji. Hiyo ni tofauti ya kusikika hadi barabarani, na inatokana na namna waya ulivyoundwa.

Dhahabu, basi, ni ya nini? Ni ya kuzuia kutu. Katika kupitisha umeme, fedha ndiyo ya kwanza, shaba ya pili ikiifuata kwa karibu sana, na dhahabu ni ya tatu. Kupaka kichwa cha waya dhahabu kunafaa mahali penye unyevu, kama huku kwetu karibu na ziwa, kwa kuwa kichwa kisichoota kutu hakikwaruzi sauti. Kitambaa kikavu kila baada ya muda hufanya kazi hiyohiyo. Mishale inayochorwa kwenye baadhi ya nyaya za ghali kuonyesha sauti ielekee wapi nimeshindwa kuitetea hata kwa huruma: umeme wa sauti huenda na kurudi, na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi hufanya safari hiyo mara 41 kwa sekunde. Nyaya za runinga zinazobeba tarakimu ndizo nyepesi kuzihukumu, kwa sababu picha hufika, au hukatikakatika ukaona kwa macho.

Ulaghai unaonikera mimi si huo wa matajiri. Anayetoa nusu milioni kwa mita 4 ana nusu milioni nyingine. Unaonikera ni wa upande wa chini: waya unaouzwa kama shaba, ganda zuri, unene wa kuridhisha, na ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba ya unene uleule, kwa hiyo kijana wa mitambo analipia 2.5 na kupata pungufu ya 2. Halafu hukatika upesi pale unapokunjwa kila wikendi, na kichwani, ulipobanwa na skrubu, hulegea na kupata moto. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, hivyo ukishazoea, mkono wako utashuku kabla ya macho.

Kwa hiyo ukienda kununua waya wa spika, nenda na wembe. Pima umbali wako kwa hatua kabla ya kutoka nyumbani. Ukizidi mita 10, usikubali chini ya 2.5. Mwombe muuzaji akufungulie ncha, uchukue uzi mmoja, uukwaruze. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, rudisha bunda kwa upole na useme asante. Akikataa usikwaruze, maduka ya waya Oyugis ni mengi, na yako upande huohuo wa barabara.